Kifutu: Nyoka Asiyekimbia na Huduma Isiyopaswa Kuchelewa

Katika vijiji vya nyanda kame za kati mwa Tanzania, msimu wa mavuno huja na mambo matatu kwa mpigo. Mashuke ya mtama na uwele hukomaa, panya hufuata nafaka, na kifutu huwafuata panya. Mwenye shamba naye hupita katikati yao alfajiri na jioni, mara nyingi akiwa amevaa kandambili au katambuga zinazoacha mguu wazi. Wanaoumwa na nyoka huyu ni wakulima, wachungaji, akina mama waokotao kuni na watoto waendao shule kwa njia za mkato.

Makala haya yanaeleza kifutu ni nyoka wa namna gani, sumu yake hufanya nini mwilini, na mgonjwa anapaswa kupata huduma gani tangu dakika ya kwanza hadi afikapo kituo cha tiba. Aidha, yanaeleza wajibu wa kijiji katika jambo hili, kwa kuwa maisha au mguu wa mgonjwa mara nyingi huokolewa na maandalizi yaliyofanyika kabla hajaumwa.

KIFUTU NI NYOKA GANI

Kifutu, ambaye sehemu nyingine huitwa moma au bafe, hujulikana kwa wanasayansi kwa jina la Bitis arietans, alilopewa na Mjerumani Blasius Merrem mwaka 1820. Anapatikana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, isipokuwa katika misitu minene ya mvua, milima mirefu sana na majangwa makavu kabisa. Amevuka hata Bahari ya Shamu, kwani yupo pia kusini-magharibi mwa Bara Arabu.

Si vigumu kumtambua. Mwili wake ni mnene na mfupi, mkia mdogo, na kichwa kipana kilichobapa, chenye umbo la pembetatu na kinachotofautiana wazi na shingo. Mgongoni ana michoro iliyopangwa kama mishale inayoelekea mkiani. Rangi yake hufuata ardhi anayoishi: mahali penye udongo mwekundu huelekea wekundu, penye nyasi kavu huwa kama majani makavu, na penye mawe huwa kijivu. Wengi hufikia urefu wa mita moja hivi, ingawa wapo waliozidi hapo. Akitishwa huvuta pumzi, hufura, kisha huitoa kwa sauti kubwa ya kufoka.

Jike hatagi mayai nje, bali huzaa watoto walio hai, kwa kawaida kati ya 20 na 40. Jike mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa akifugwa katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja. Kifutu mchanga huzaliwa akiwa na meno na sumu tayari, kwa hiyo udogo wake usimdanganye mtu.

SILAHA YAKE NI KUTULIA

Wengi huamini kwamba nyoka mwenye sumu huwafukuza watu. Kwa kifutu jambo hilo halina ukweli. Nyoka huyu hapendi kutembea. Na atembeapo, mara nyingi hujivuta polepole kwa mstari ulionyooka, kama kiwavi. Ustadi wake wote upo katika kujificha na kusubiri. Anaweza kulala mahali pamoja kwa siku kadhaa, pembezoni mwa njia ya panya, bila kujitikisa.

Hujificha hata kwa harufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wanasayansi wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba mbwa waliofunzwa kunusa, pamoja na nguchiro wa nchi hiyo, walishindwa kumtambua kifutu hai kwa pua, ilhali nyoka wa jamii nyingine waliwatambua. Kwa hiyo mtu asitegemee kwamba mbwa aliyetangulia njiani atamwonya.

Tabia hiyo ndiyo chanzo cha ajali. Nyoka wengine wakisikia mtikisiko wa nyayo hukimbia. Kifutu hubaki palepale, akitumaini kwamba hajaonekana. Anayemkanyaga au kumkaribia mno huumwa kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Zaidi ya hayo, yeye hutembea hasa usiku, na hupenda kulala juu ya njia za vumbi ambazo bado zina joto la mchana. Kwa sababu hizo, walio wengi huumwa mguuni, chini ya goti, kuanzia jioni hadi alfajiri.

Mbinu hii ameshirikiana nayo na ndugu zake wa jangwani. Katika mchanga wa Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, yupo nyoka mdogo wa jenasi hiyohiyo, Bitis peringueyi, ambaye urefu wake ni kama sentimita 25. Macho yake yamekaa juu ya kichwa, hivyo huweza kujifukia mchangani akaacha macho tu yakichungulia. Na maji huyapata kwa kulamba umande wa ukungu ulioganda mwilini mwake. Katika nusu-jangwa la kaskazini mwa Kenya yupo naye Echis pyramidum, nyoka mdogo ambaye magamba yake yakisuguana hutoa sauti kama ya msumeno, na ambaye sumu yake huzuia damu kuganda. Wote watatu ni wa familia moja, na wote huishi kwa kungoja. Anayekaa katika nchi kame hana budi kulifahamu hilo: hatari haimfuati, bali imelala mahali ambapo yeye ataweka mguu au mkono.

SUMU HUFANYA NINI

Meno ya sumu ya kifutu ni marefu, yanaweza kuzidi sentimita moja, nayo hukunjwa ndani ya kinywa hadi wakati wa kuuma. Hivyo sumu huingizwa ndani ya nyama, wala haibaki juu ya ngozi. Kazi yake kubwa ni kuharibu tishu. Maumivu makali huanza mara moja, uvimbe hufuata na huweza kupanda hadi kuenea mguu au mkono mzima. Malengelenge hutokea, ngozi hubadilika rangi, na sehemu ya nyama inaweza kufa na kuoza.

Uvimbe huo una hatari nyingine isiyoonekana. Majimaji na damu huhama kutoka mishipani na kukusanyika katika kiungo kilichovimba. Shinikizo la damu hushuka, mgonjwa huhisi kizunguzungu na kiu, hutoka jasho baridi, na asipoongezewa maji na kupatiwa tiba anaweza kufa. Pia wapo wanaotokwa damu katika fizi, puani au kwenye jeraha. Kwa watoto hali huwa nzito zaidi, kwa kuwa kiasi kilekile cha sumu huingia katika mwili mdogo.

Hata hivyo, sumu hii kwa kawaida haiui kwa dakika chache. Huacha saa kadhaa za kutenda, na saa hizo ndizo zinazoamua kama mtu atarudi shambani akitembea au atabaki na ulemavu. Kwa sumu ya koboko au ya swila wa aina fulani, muda ni mfupi zaidi, maana hushambulia neva: kope huanguka, ulimi huwa mzito na pumzi hukatika. Kwa yeyote kati yao, safari ya kwenda kituo cha tiba huanza mara moja, bila kusubiri kuona dalili.

MTU AKIUMWA, AFANYIWE NINI

Kwanza, aondolewe mahali alipo nyoka, na watu wasianze kumsaka. Nyoka aliyejeruhiwa huongeza mgonjwa wa pili, na hata kichwa cha nyoka aliyekatwa kinaweza kuuma kwa muda. Ikiwezekana apigwe picha kwa simu akiwa mbali. Isipowezekana, maelezo ya umbo na rangi yanatosha.

Pili, mgonjwa atulizwe na alazwe. Asitembee wala kukimbia kwenda zahanati, kwa kuwa misuli inayofanya kazi husukuma sumu mwilini. Kiungo kilichoumwa kifungwe kibao au fimbo iliyonyooka, kama afanyiwavyo aliyevunjika mfupa, kwa kitambaa kisichobana.

Tatu, pete, bangili, shanga, saa na viatu vivuliwe upesi upande ule ulioumwa, kabla uvimbe haujavifanya kuwa kamba ya kunyonga kiungo.

Nne, aandikiwe saa aliyoumwa. Ukingo wa uvimbe uchorwe kwa kalamu juu ya ngozi na saa iandikwe pembeni yake, kisha irudiwe kila baada ya muda. Alama hizo zitamwonyesha tabibu kasi ya sumu kuliko maelezo mengi ya mdomo.

Tano, asafirishwe akiwa amelala, kwa gari ikiwezekana. Pikipiki ikiwa ndiyo chombo pekee, abebwe katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Akitapika, alazwe ubavu wa kushoto. Kwa maumivu anaweza kupewa parasetamoli. Asipewe aspirini wala dawa za jamii hiyo, kwa kuwa huongeza kutokwa damu.

YANAYODHURU BADALA YA KUSAIDIA

Kufunga kamba au mpira juu ya jeraha ni kosa kubwa kwa mtu aliyeumwa na kifutu. Sumu inayoua nyama hufungiwa mahali pamoja, damu safi hunyimwa njia, na mguu ambao ungepona huishia kukatwa. Kuchanja kwa wembe huongeza jeraha na damu inayotoka, wala hakutoi sumu iliyokwisha kuzama ndani. Kunyonya kwa mdomo, kuchoma kwa moto, kupaka mafuta ya taa na kumshtua mgonjwa kwa umeme wa betri ya pikipiki yote ni madhara matupu.

Jiwe jeusi la nyoka, ambalo kwa kawaida ni kipande cha mfupa uliochomwa, hunata kwenye jeraha lenye majimaji. Kunata huko kumewafanya wengi waamini kuwa linavuta sumu. Lakini utafiti haujathibitisha kwamba lina faida yoyote. Wapo walioumwa wakawekewa jiwe wakapona, nao husimulia. Sababu yaweza kuwa kwamba nyoka aliyewauma hakuwa na sumu, au kwamba alikuwa na sumu lakini hakuitoa, jambo ambalo hutokea.

Hayo hayasemwi kwa kuwadharau waganga wa jadi. Katika jamii nyingi, kama ilivyo kwa wacheza nyoka wa Usukuma, elimu ya kuwafahamu nyoka na kuwashika bila kudhuriwa ni ya vizazi vingi. Mganga anayeheshimika kijijini ana nafasi kubwa: neno lake moja, "Mpelekeni hospitali kwanza," laweza kuokoa mguu. Linaloombwa ni kwamba mgonjwa asikawizwe.

ATAKACHOKUTA KITUONI

Katika zahanati mgonjwa anaweza kuwekewa dripu, kupewa dawa ya maumivu, chanjo ya pepopunda kwa wakati wake, na kuandikiwa rufaa. Katika kituo cha afya au hospitali hufanyika kipimo chepesi kinachoonyesha kama damu inaganda. Damu kidogo, kama mililita 2, huwekwa ndani ya chupa ya kioo iliyo safi, mpya na kavu, ikaachwa bila kuguswa kwa dakika 20. Baada ya hapo chupa huinamishwa. Damu ikimiminika kama maji, ni ishara kwamba sumu imeharibu mfumo wa kuganda. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme.

Tiba mahususi ni dawa ya sumu ya nyoka, ambayo wananchi wengi huiita sindano ya nyoka. Historia yake ilianza mwaka 1894, wakati Wafaransa Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand kwa upande mmoja, na Albert Calmette kwa upande mwingine, walipotangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu inaweza kumkinga mwingine. Hadi leo njia ni ileile kimsingi: farasi hudungwa sumu kwa vipimo vidogo, mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo huchujwa kutoka katika damu yake.

Mambo manne kuhusu dawa hiyo yafaa yajulikane. Moja, hukamata sumu iliyomo mwilini, lakini haifufui nyama iliyokwisha kufa. Ndiyo maana kuchelewa hakufidiwi na wingi wa chupa. Pili, hutengenezwa kwa sumu za nyoka maalumu, na dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa bara jingine yaweza isifae kabisa hapa. Tatu, mtoto hupewa kipimo sawa na mtu mzima, kwa kuwa dawa hupimwa kwa sumu ya nyoka wala si kwa uzito wa mgonjwa. Nne, yaweza kuleta mzio mkali, hivyo hutolewa mahali penye mtaalamu na dawa ya adrenalini karibu. Kwa sababu hiyo si dawa ya kununuliwa na kudungwa nyumbani.

Mgonjwa asiye na dalili hubakizwa kwa uangalizi wa saa 24. Ndugu wasione kama anacheleweshwa bure. Uvimbe na kutokwa damu vinaweza kuja baadaye.

KWA NINI DAWA HUADIMIKA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaobaki na ulemavu ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 shirika hilo liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Neno "yaliyosahauliwa" lina maana yake. Wanaoumwa ni maskini wa vijijini, na soko lao halimvutii mtengenezaji. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa iitwayo Fav-Afrique mwaka 2014, na chupa za mwisho zilimaliza muda wake mwaka 2016. Dawa zilizobaki ni za bei kubwa, na nyingine huhitaji kutunzwa katika ubaridi, jambo ambalo si kila zahanati inaliweza.

Lakini ipo sababu nyingine, nayo imo mikononi mwetu. Vituo huagiza dawa kwa kufuata takwimu za wagonjwa waliohudumiwa. Aliyeumwa akatibiwa nyumbani, akapona au akazikwa, haandikwi popote. Katika karatasi, kijiji chake huonekana hakina tatizo. Na kijiji kisicho na tatizo hakiagiziwi dawa. Mwingine akiumwa mwakani na kukosa dawa, watu husema, "Hospitali hakuna kitu," na wa tatu haendi kabisa. Mzunguko huo hukatwa kwa kila aliyeumwa kufika kituoni na kuandikishwa, hata kama hali yake ni nafuu. Kifo kilichotokea nyumbani nacho kitolewe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

KINGA ISIYO NA GHARAMA KUBWA

Kwa kuwa kifutu husubiri mahali pamoja, kinga yake ni kuangalia pa kuweka mguu na mkono. Mwenda usiku awe na tochi, hata kama njia ni ya kwenda chooni tu. Shambani na machungani, mabuti au viatu vilivyofunika kifundo, pamoja na suruali pana, huzuia mengi. Kuni, mawe na mabua yageuzwe kwanza kwa fimbo, si kwa mkono. Anayelinda shamba alale juu ya dungu au kitanda, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Chandarua hicho kitamkinga na mbu pia.

Uani, nyasi zifyekwe, na marundo ya matofali na kuni yawekwe mbali na mlango. Ghala liinuliwe na lizibwe matundu, nafaka iliyomwagika ifagiliwe, kwani palipo na panya kifutu hana sababu ya kuhama. Mifugo nayo huumwa, hasa puani na miguuni ikiwa malishoni. Afisa mifugo ajulishwe mapema.

Je, si heri kuwaua wote? Kifutu mmoja hula panya wengi, na panya hula mtama ghalani na kueneza magonjwa. Kumwondoa nyoka na kuwaacha panya ni kumwalika nyoka mwingine. Isitoshe, wengi huumwa wakati wa kujaribu kumwua. Aliyeonekana porini aachwe. Aliyeingia nyumbani, watoto waondolewe, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, na aitwe mwenye ujuzi wa kumhamisha.

MASWALI YA KUPELEKA MKUTANO WA KIJIJI

Kila kijiji kinaweza, kabla ya mavuno, kujibu maswali yafuatayo katika mkutano mkuu na kuyabandika majibu yake kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji na wa shule:

1. Kituo cha karibu chenye dawa ya sumu ya nyoka kwa sasa ni kipi? Swali hili liulizwe upya kila msimu, maana dawa huisha na humaliza muda wake.

2. Nani ana gari au pikipiki itakayotoka usiku bila kusubiri fedha, na mafuta yake yatalipwa kutoka mfuko gani?

3. Namba za simu za dereva, mtendaji, mganga mfawidhi wa zahanati na kituo cha rufaa zimebandikwa wapi?

4. Kamati ya zahanati imeingiza dawa hii na vifaa vya kipimo cha damu katika mpango wake wa mwaka?

5. Walimu, wachungaji na waganga wa jadi wamefundishwa huduma ya kwanza iliyoelezwa hapa?

Kijiji kilichojibu maswali hayo kimekwisha kuzipunguza saa za kuhangaika kabla nyoka hajauma. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wajumbe wa serikali za vijiji wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, na kuwasilisha mahitaji yao kwa ofisi ya kata, ili yaingie katika mapendekezo ya bajeti kwa wakati.